Nguo ya Merikani na Mkono wa Kibarua

(Hotuba iliyosomwa na ndugu yetu wa gengi ya njia ya reli, mbele ya wanachama na wageni, Majengo, Meru. Tunaichapa kwa sababu wenzetu waliokuwa kazini siku ile wameomba waisome.)



Kwanza nashukuru kupewa nafasi hii. Katibu aliponiomba nije niseme habari za kale za Marekani, nilicheka. Nikamwambia, mimi ni mtu wa gengi, kazi yangu ni mataruma na nyundo, na elimu yangu ni ile ya shule ya msingi ya misheni. Habari za Marekani nitazijulia wapi? Lakini nikaazima vitabu, nikasoma usiku baada ya kazi, na kadiri nilivyosoma nikaona kwamba habari hizi zinatuhusu sana.

Nanyi mwajua kwamba mkutano huu una pendekezo mbele yake: tawi letu liwaandike vibarua wa mikataba mifupi wawe wanachama kamili. Najua wengi hapa hawalipendi. Naomba mnisikilize kwanza, kisha kila mtu apige kura kama moyo wake unavyomwambia.

NGUO YA BABU ZETU

Nitaanza na kitu ambacho wazee wa Majengo wanakijua kuliko mimi. Nani hapa hajasikia jina la merikani? Wengine husema amerikani. Ni nguo ya pamba, nzito kidogo, haikutiwa rangi wala haikupaushwa. Jina hilo si la bure. Nguo hiyo ilitoka Marekani kweli, ikaletwa Unguja kwa merikebu za mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts.

Tarehe 21 Septemba 1833, Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Omani na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Mwaka 1837 Marekani ikaweka konseli wake Unguja, Richard Waters, naye alikuwa mtu wa Salem. Waingereza walileta konseli wao mwaka 1841, yaani miaka minne baadaye. Mwaka 1840 Seyyid Said alituma merikebu yake iitwayo Sultana mpaka New York, na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, ikiwa na tende, karafuu, kahawa, ngozi na pembe. Iliporudi, ilichukua merikani.

Nguo hiyo ikawa fedha. Bara hapakuwa na rupia wala shilingi. Mpagazi alilipwa posho kwa nguo, mwenye nchi alilipwa hongo kwa nguo, na pembe ya ndovu ilinunuliwa kwa nguo. Mikono minne ilikuwa shuka moja, shuka mbili zilikuwa doti moja, na kitambaa kizima kama kilivyotoka kiwandani kiliitwa jora. Maneno haya mpaka leo yako midomoni mwetu.

Huku kwetu pia biashara hiyo ilifika. Wakamba walipeleka pembe Mombasa, na mkubwa mmoja wa misafara yao alikuwa Kivoi wa Kitui, aliyeuawa karibu na mto Tana mwaka 1851. Baadaye wakaja watu wa pwani wenyewe, na ninyi wa Majengo mwajua nasaba zenu. Mwaka 1892 alikuja hata Mmarekani, William Astor Chanler, tajiri kijana. Alipanda kutoka pwani kwa njia ya Tana pamoja na wapagazi wa Unguja mpaka milima ya Nyambene. Mwaka 1893 wapagazi wake wengi walimwacha wakaenda zao, na safari ikamvunjikia. Wakubwa wa siku zile waliita jambo hilo utoro. Sisi watu wa chama twaweza kuliita jina jingine.

Na pembe zilikwenda wapi? Nyingi zilikwenda Marekani, katika jimbo la Connecticut. Huko kipo kijiji kilichopewa jina la pembe, Ivoryton, ambako zilikatwa vipande vyembamba vya kuwekwa juu ya vinanda. Mtoto wa tajiri wa huko alipojifunza kinanda, vidole vyake viligusa mzigo uliobebwa begani na mtu wa huku.

NANI ALIIFUMA, NANI ALIICHUMA

Basi nikajiuliza: merikani hii, ni nani aliyeifanya?

Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts na New Hampshire. Mji uliosifika kuliko yote kwa ufumaji ulikuwa Lowell. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wasichana waliotoka mashambani, waliolala katika mabweni ya kampuni na kufanya kazi saa kumi na mbili au zaidi kwa siku. Mwaka 1834 wenye viwanda walipotaka kupunguza mishahara, wasichana wale waligoma. Mwaka 1836 walipoongezewa malipo ya bweni waligoma tena, na safari hii walikuwa zaidi ya elfu moja. Wakati ule mwanamke hakuwa na kura. Lakini waligoma.

Na pamba yenyewe ilitoka Kusini, ikachumwa na watumwa. Mwaka 1793 mtu mmoja, Eli Whitney, alitengeneza mashine ya kutenga mbegu na pamba. Mtu angefikiri mashine inapunguza kazi ya mtumwa. Haikuwa hivyo. Kwa kuwa sasa pamba nyingi ingeweza kusafishwa upesi, wenye mashamba walitaka mikono mingi zaidi ya kuipanda na kuichuma. Mwaka 1790 watumwa wa Marekani walikuwa kiasi cha 700,000. Mwaka 1860 walikaribia 4,000,000. Kuingiza watumwa kutoka ng'ambo kulikuwa kumekatazwa tangu mwaka 1808, lakini kuuzana ndani ya nchi kuliendelea, na mama akauzwa jimbo hili na mtoto wake jimbo lile.

Tena sikilizeni hili. Baadhi ya viwanda vya Kaskazini vilifuma nguo duni, ngumu, mahsusi ya kuwavika watumwa. Mtumwa alichuma pamba, msichana mwenye njaa akaifuma, kisha mtumwa akarudishiwa ile mbaya kuliko zote. Faida ilibaki katikati.

UTUMWA ULIANZAJE

Katika shule yetu tulisomeshwa kwamba Wazungu walikwenda Marekani kutafuta uhuru wa dini. Wako waliokwenda kwa hilo, kama wale wa merikebu ya Mayflower mwaka 1620. Lakini makao ya kwanza ya Waingereza yaliyodumu, Jamestown katika Virginia, yalianzishwa mwaka 1607 na kampuni ya London iliyotafuta faida. Ardhi ilikuwa ya wenyeji walioongozwa na chifu Powhatan. Faida ikapatikana katika tumbaku, na tumbaku yataka vibarua.

Vibarua wa kwanza walikuwa Waingereza maskini. Mtu asiye na nauli alitia sahihi mkataba wa kufanya kazi miaka minne, au mitano, au saba, bila mshahara, apate chakula na kuvushwa bahari. Aliweza kuuzwa na bwana mmoja kwa mwingine kabla mkataba haujaisha, na wengi walikufa kabla ya kumaliza.

Mwezi wa Agosti 1619 merikebu ikaleta Waafrika ishirini na kidogo, waliotekwa Angola. Sheria ya utumwa ilikuwa bado haijakazwa. Wako watu weusi waliopata uhuru wao na kumiliki shamba, kama Anthony Johnson. Watu maskini weupe na weusi walilala banda moja, wakala chakula kimoja, wakatoroka pamoja.

Mwaka 1676 ukatokea uasi wa Nathaniel Bacon. Huyu Bacon hakuwa mtu wa haki. Alitaka wenyeji wanyang'anywe ardhi zaidi. Lakini katika jeshi lake waliingia vibarua weupe na watumwa weusi, wakakamata silaha pamoja, na mji wa Jamestown ukachomwa moto. Bacon alikufa kwa ugonjwa na uasi ukazimwa. Hata hivyo wakubwa wa Virginia walikuwa wameona jambo la kuwatisha: maskini wa rangi mbili upande mmoja.

Basi wakatunga sheria. Mwaka 1662 ilikwisha andikwa kwamba mtoto wa mtumwa mwanamke ni mtumwa, baba awe nani. Mwaka 1680 mtu mweusi akakatazwa silaha. Mwaka 1705 sheria zote zikakusanywa na kukazwa. Kibarua mweupe akimaliza mkataba apewe mahindi, fedha kidogo na bunduki. Mtumwa anyang'anywe hata ng'ombe na nguruwe aliowafuga mwenyewe. Mtu mweusi akiinua mkono juu ya Mkristo mweupe apigwe viboko.

Ndugu zangu, angalieni ufundi wa jambo hili. Mweupe maskini hakupewa utajiri. Alipewa mtu wa kumdharau. Na alipompata mtu wa kumdharau, hakumtazama tena bwana wake.

WAFUA CHUMA WA RICHMOND

Nitapita upesi miaka ya katikati. Mwaka 1776 makoloni 13 yalijitangazia uhuru, na aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, Thomas Jefferson, alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Katiba ya mwaka 1787 ilihesabu watumwa watano kama watu watatu, ili kuyapa majimbo ya Kusini wabunge wengi zaidi. Majimbo ya Kaskazini yakaacha utumwa kidogo kidogo. Ya Kusini yakashikilia.

Hapa nataka nisimame, maana hapa ndipo moyo wa hotuba yangu.

Katika mji wa Richmond, Virginia, kilikuwako kiwanda kikubwa cha chuma kiitwacho Tredegar. Kilifua vyuma vya reli, na baadaye kikaunda hata vichwa vya gari moshi na mizinga. Kwa hiyo hao ni jamaa zetu wa kazi. Mafundi wake walikuwa weupe, wenye mshahara mzuri. Mwenye kiwanda, Joseph Anderson, alianza kuwafundisha watumwa kazi ile ile ya ufundi wa tanuri. Mwezi wa Mei 1847 mafundi weupe wakagoma.

Waligoma wakitaka nini? Walitaka watumwa waondolewe katika kazi ile. Hawakusema watumwa wawe huru. Hawakusema walipwe sawa na sisi. Walisema: waondoeni.

Anderson akawajibu kwamba wamejifukuza wenyewe kazini. Akaweka watumwa mahali pao, wala mji haukuwatetea mafundi. Magazeti ya wakubwa yalisema kwamba kumzuia bwana kumtumia mtumwa wake ni kuushambulia utumwa wenyewe.

Mimi niliposoma habari hii nilifunga kitabu nikatoka nje. Mafundi wale hawakukosea walipoogopa. Kweli kazi ya mtumwa ilishusha bei ya kazi yao. Walikosea mahali pa kuweka lawama, na walikosea dawa. Mtu asiye na haki akisimama karibu yako kwenye tanuri, tajiri ana mkono wa bei rahisi kila siku. Njia ya kumaliza bei rahisi ni kumpa yule mtu haki. Hakuna nyingine iliyodumu.

VITA

Mwezi wa Aprili 1861 vita vilianza. Majimbo ya Kusini 11 yalijitenga kuulinda utumwa. Katika jamaa za weupe wa Kusini, kiasi cha robo tatu hazikuwa na mtumwa hata mmoja, lakini watoto wao ndio waliokwenda kufa. Mwezi wa Oktoba 1862 serikali ya Kusini ikatoa sheria kwamba penye shamba la watumwa 20 au zaidi, mzungu mmoja asamehewe jeshi ili awasimamie. Maskini wakanung'unika kwamba vita ni vya tajiri na kufa ni kwa maskini.

Rais Abraham Lincoln mwanzoni alisema anapigana kuulinda muungano wa nchi. Watumwa hawakungoja. Waliacha majembe, wakatembea usiku mpaka kwenye kambi za Kaskazini, na kabla vita havijaisha walikuwa wamekwenda kiasi cha laki tano. Bwana W. E. B. Du Bois, mwanachuoni mweusi wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1935 aliuita huo mgomo mkuu wa watumwa. Mmoja alikuwa mtu wa uchukuzi kama sisi. Robert Smalls, mtumwa na mshika usukani, aliichukua meli ya Planter katika bandari ya Charleston alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, wakubwa wake walipokuwa wamelala mjini. Alivaa kofia ya nahodha, akapiga honi ya kawaida akipita mbele ya mizinga, akaifikisha meli kwa adui pamoja na mke wake na watoto wake. Baadaye alikuwa mbunge.

Tarehe 1 Januari 1863 Lincoln alitangaza kwamba watumwa wa majimbo yaliyoasi ni huru. Watu weusi karibu 180,000 wakaingia jeshi la Kaskazini. Na huko nako wakakuta mishahara miwili. Askari mweupe alipata dola 13 kwa mwezi. Mweusi alipangiwa dola 10, na katika hizo 3 zilikatwa kwa ajili ya nguo. Kikosi cha 54 cha Massachusetts kikakataa kupokea. Jimbo lao likataka kuwajazia pengo, wakakataa hilo pia, maana walitaka serikali yenyewe ikiri kwamba kazi ni moja na malipo ni mamoja. Wakapigana, wakafa, bila kupokea senti, zaidi ya mwaka mzima, huku wake zao nyumbani wana njaa. Mwezi wa Juni 1864 Bunge likakubali malipo sawa. Huo ni ushindi wa wafanyakazi, ingawa walivaa magwanda.

Nako Uingereza, viwanda vya Lancashire vilitegemea pamba ya Kusini. Vita vilipoizuia, mashine zikasimama na watu kwa malaki wakakosa kazi. Wengine walitaka Uingereza iisaidie Kusini ili pamba ije. Lakini tarehe 31 Desemba 1862 wafanyakazi wa Manchester walikutana, wakamwandikia Lincoln kwamba wako upande wa kuukomesha utumwa. Lincoln akawajibu tarehe 19 Januari 1863 kwa heshima kubwa. Sisemi wote wa Lancashire walikuwa hivyo. Wako waliotaka pamba tu. Lakini watu wenye njaa walimsimamia mtu ambaye hawajapata kumwona. Jambo hilo ni kubwa.

Vita vilikaribia mwisho tarehe 9 Aprili 1865, Jenerali Lee aliposalimu amri. Siku chache baadaye Lincoln alipigwa risasi, akafa tarehe 15 Aprili. Watu waliokufa katika vita huhesabiwa kuwa zaidi ya 600,000. Mwezi wa Desemba 1865 utumwa ukafutwa katika Katiba, isipokuwa kama adhabu ya kosa. Neno hilo "isipokuwa" likawa mlango. Watu weusi walikamatwa kwa makosa madogo, wakafungwa, kisha wafungwa wakakodishwa kwa makampuni. Reli ya magharibi ya North Carolina ilipasuliwa milimani, katika miaka ya 1870, kwa mikono ya wafungwa hao. Nami kila nilalapo kambini kando ya njia huwakumbuka.

NASI JE?

Vita vile vilifika mpaka Unguja. Pamba ikawa ghali, na merikebu za Marekani ziliogopa manowari za Kusini baharini. Merikani ikaadimika, nguo za Waingereza na za Bara Hindi zikachukua soko. Ilirudi baada ya vita, lakini haikupata tena enzi yake. Jina tu ndilo lililobaki, hata nguo yenyewe ikifumwa Bombay.

Wala tusiwasute Wamarekani peke yao. Wakati ule ule, karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa waliotekwa bara, na katika waliobeba pembe wako waliokuwa watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hali ya utumwa ilifutwa na sheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907.

Kisha ikaja reli. Mwaka 1896 ilianzwa Mombasa, mwaka 1901 ikafika ziwani Kisumu. Wahindi karibu 32,000 waliletwa kwa mkataba wa miaka mitatu, na 2,493 walikufa. Zikaja sheria za ardhi za mwaka 1902 na 1915, hata mlowezi akapewa shamba kwa miaka 999. Kikaja kipande shingoni, ili mtu asimkimbie bwana wake. Katika reli kukawa na ngazi tatu za mshahara: Mzungu, Mwasia na Mwafrika. Hiyo ni Virginia ya mwaka 1705 imevaa kofia mpya. Aliyeanza kuivunja ni Makhan Singh. Mwaka 1935 chama chake kiliacha kuwa cha Wahindi peke yao, kikafungua mlango kwa wafanyakazi wa rangi zote. Serikali ya kikoloni ilimfunga na kumzuia tangu mwaka 1950 mpaka 1961. Mnaona lile waliloliogopa.

Leo rangi imeondoka katika daftari la mshahara. Lakini mgawanyo mwingine umeingia: huyu wa kudumu, huyu kibarua.

Sasa nitasema la aibu yangu. Miaka michache iliyopita tulikuwa tukibadilisha mataruma mahali fulani. Pamoja nasi walikuwako vibarua walioletwa na mkandarasi. Kazi moja, jua moja. Sisi tulikuwa na mabuti na glavu, wao walikuwa na viatu vya raba. Kijana mmoja akaangukiwa na reli mguuni. Akapelekwa kwao, na malipo yake yakakatwa saa ile ile alipoanguka. Wenzake wakanijia, maana mimi ndimi niliyekuwa mwakilishi wa chama pale. Nikawaambia, "Huyo si mwanachama."

Haukupita mwaka, tukaitwa watu tisa wa kudumu, tukaambiwa kazi yetu sasa itafanywa na mkandarasi. Mimi nilibahatika kuhamishiwa gengi nyingine. Wenzangu sita hawakurudi. Wazee husema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mimi nilimwona mwenzangu ananyolewa, nikavaa kofia.

Basi nawajibu wanaosema kwamba vibarua wanashusha mshahara wetu. Ndiyo, wanashusha, kama mtumwa wa Tredegar alivyoshusha. Kuwafukuza tumekwisha jaribu, wakaja wengine. Sheria iko upande wetu. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mzima, ahesabiwe kuwa wa mshahara wa mwezi. Lakini kibarua aliye peke yake hathubutu kuisoma sheria hiyo mbele ya nyapara. Atathubutu akiwa na chama nyuma yake.

Naomba mambo matatu. Moja, waandikwe, na ada yao iwe kwa kadiri ya siku walizofanya kazi. Pili, wapate mwakilishi wao katika kamati hii. Tatu, mkataba wowote tutakaoomba kwa waajiri uwe na neno hili: kazi moja, malipo mamoja, na viatu vya namna moja.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Yule kijana wa mguu yuko mlangoni pale, amekuja na fimbo yake. Nimemwomba radhi yeye mwenyewe kabla ya mkutano, na sasa namwomba mbele yenu. Jina lake likisomwa katika orodha, nitakuwa wa kwanza kuinua mkono.